Yule wa Kulia

12 Februari

Kwa Shangazi mpendwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Kisha niahidi, hata kama ni kimoyomoyo, kwamba haya nitakayoandika hayatatoka kwako. Usimsomee mtu, usimdokezee Baba, na ukimaliza iweke barua mahali ambapo hata wewe utapasahau. Sijaiba wala sijagombana na mtu. Lakini bado niko kwenye majaribio kazini, na ulimi ukiniteleza namwaga unga.

Salamu kwanza, nisije nikaonekana sina adabu. Shikamoo, Shangazi. Sisi hatujambo. Goti la Mama limepoa, ingawa bado anapanda ngazi akiisema kama mtu anayegombana na jirani. Mdogo wangu amefeli tena mtihani wa udereva; safari hii anadai mtahini alikuwa na sura ya kumtoa mtu barabarani. Baba ni yule yule. Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Msalimie," akaendelea na gazeti lake, kisha baada ya kitambo akauliza bila kuinua macho, "Unamwandikia nini?" Nikajibu salamu tu. Kwa hiyo na wewe ukiulizwa, ni salamu tu.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kazi yangu katika nyumba ya picha: kuandika picha inayoingia na inayotoka, kupiga chapa barua, kubandika namba nyuma ya fremu. Sijawahi kutakiwa kufungua mdomo mbele ya watu, na ndiyo sababu niliipenda. Wiki iliyopita kiongozi wa wageni aliacha kazi ghafla, na chumba cha juu kinafunguliwa upya mwezi Mei baada ya kupakwa rangi. Mkuu akaniita. "Wewe umesoma, na una sauti nzuri," akasema. "Siku ya kufungua utasimama uwaeleze wageni ule mchoro wa wachezaji. Soma kijitabu changu, useme yaliyomo." Nikajibu, "Ndiyo, Mkuu." Ndiyo jibu langu la kila siku. Angeniambia niruke dirishani ningejibu hivyo hivyo, halafu ndiyo nifikirie.

Mchoro wenyewe ni wa penseli, wa karne ya kumi na tisa. Haufiki ukubwa wa trei ya chai, na aliyeuchora hakutia sahihi. (Mdogo wangu aliposikia wachezaji aliuliza ni timu gani. Ni wacheza dansi, wale wa baleti, wanaosimama kwa ncha za vidole.) Ni wanawake watatu nyuma ya pazia. Wa kushoto ameinama anafunga utepe wa kiatu. Uso hatuuoni, tunaona njia ya nywele tu utosini. Wa katikati amekaa kwenye benchi, magoti yameachana, mikono imening'inia kama ya mtu aliyetoka kupakua magunia. Wa kulia amesimama ukingoni, mkono mmoja umeshika pazia na mwingine uko usoni.

Sijui nikuelezeje uzuri wake. Hakuna rangi hata tone, ni penseli tupu, na bado naona vumbi la sakafu. Hakuna hata mmoja anayejipendezesha. Mchoraji amewakuta katika ile hali ambayo mtu huwa nayo akidhani hatazamwi, na hakuwaonea. Mgongo wa yule aliyeinama umechorwa kwa mstari mmoja tu, kutoka shingoni hadi kiunoni, na mstari ule hausiti popote. Mimi nikiandika bahasha nasita mara tatu.

Chini yake pamebandikwa jina: Machozi Nyuma ya Pazia. Mkuu ndiye aliyeandika kijitabu kuhusu machozi hayo, na nyumba yetu inajulikana kwa ajili yake. Wapo wageni wanaokuja na leso mkononi. Kijitabu kinasema mchezaji yule amenyimwa nafasi yake, au ameachwa na mpenzi, na kwamba kwenye shavu lake kuna chozi moja linalong'aa.

Tatizo, Shangazi, ni kwamba nimemtazama huyo wa kulia kila siku wakati wa chakula cha mchana, na sioni chozi. Huyo wa kulia ananinyima usingizi. Nikimwangalia kwa karibu sioni, nikirudi nyuma sioni. Sasa sijui kama ni macho yangu au ni nini.

Wewe uliwahi kuwa jukwaani. Najua kwetu hayasemwi hayo, na wala siulizi habari zake. Nauliza hili moja: mchezaji akisimama hivyo, huwa ana nini?

Wako mtiifu,
Karani

Tafadhali usinipigie simu. Nyumbani simu yangu hupokewa na yeyote aliye karibu nayo.


20 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Barua yako niliipata zamani, na sitasingizia posta. Mlango niliufunga ulivyoniagiza, ingawa naishi peke yangu, nikakaa kitandani nikijiona kama jambazi anayegawana mali.

Mama yako mwambie alaze goti juu ya mto akilala. Mdogo wako mwambie mtahini hana sura ya akiba ya kubadilisha. Mimi mzima. Niko pale pale mapokezi kwa daktari wa meno, naandika anayeingia na anayetoka akiwa na jino pungufu. Daktari amenunua viti vipya, vigumu kuliko vya zamani. Nilipomuuliza akasema mgonjwa akikaa raha husahau kwamba anaumwa, na akisahau huondoka.

Sasa huyo mtu wako. Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika, na nakwambia ukweli ili ujue kwa nini nimekawia. Unaandika "huyo wa kulia", unarudia "huyo wa kulia", halafu unasema huoni chozi. Kama halii, kwa nini unamwita wa kulia? Na kama analia, si mumwache alie? Kakosa nini mpaka apangiwe watu wa kumtazama akilia wakati wa chakula cha mchana?

Nami nimewahi kuitwa hivyo. Siku niliyoacha jukwaa walikuwepo walioniona nyuma ya pazia, na kabla sijavua viatu habari ilikuwa imefika kwa baba yako kwamba dada yake kalia mpaka kafungasha. Tangu hapo nikiingia nyumbani kwenu watu wanashusha sauti kama kuna mgonjwa chumba cha pili. Mama yako ananipa kiti chenye mto. Ni baba yako amekutuma kunichokonoa? Kama ni yeye, mwambie salamu tu.

Basi. Nimeinuka, nimekunywa maji, nimepoa.

Umeuliza kama mtu anayetaka kujua, kwa hiyo na mimi nakuuliza, maana mchoro siuoni. Uzito wa mwili wake uko mguu upi? Na huo mkono wa usoni uko juu ya macho au juu ya mdomo? Ni vitu viwili mbalimbali hivyo. Kazini kwangu kila mtu ameshika mdomo. Mmoja anaumwa, mwingine anaficha pengo, na juzi bibi mmoja aliyewekewa meno mapya alijiona kwenye kioo, akashika mdomo akakataa kuuachia, eti asije akaonekana anajisifu. Kushika mdomo kuna maana nyingi.

Tazama, kisha uandike. La kwangu usiulize.

Shangazi yako


29 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mama amelaza goti juu ya mto na anasema limemsikia. Naapa Baba hajanituma. Hata hajui kama nimepata jibu. Nilikutana na tarishi barabarani nikaichukua barua mkononi.

Niliisoma kazini, chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, nikacheka mpaka mwenzangu wa chapa akagonga kuuliza kama niko salama. Shangazi, niliposema "wa kulia" nilikuwa na maana ya upande. Mkono wa kulia. Wa kushoto anafunga kiatu, wa katikati amekaa, wa kulia amesimama. Sikumwita mliaji. Nisamehe, mimi niliyefundishwa sarufi mpaka nikachoka, sikuona neno langu lina milango miwili.

Halafu kicheko kikanikatika. Nikafikiri, kama Shangazi yangu, tena kwa maandishi, ameingilia mlango ule mwingine, ni nani mwingine aliyewahi kuuingilia?

Hapa kazini kuna mlinzi tunayemwita Mzee Funguo, kwa sababu ya lile shada la funguo linalomtangulia kila anakokwenda. Alikuwepo tangu enzi za mtunza picha wa zamani, ambaye sasa ni marehemu. Nikamfuata akiwa anafungua madirisha ya chumba cha juu.

"Mzee, ule mchoro jina lake alilitoa nani?"

"Jina gani?"

"Machozi."

"Aa, hilo. Hilo la juzijuzi." Juzijuzi kwa Mzee Funguo ni kabla sijazaliwa. "Zamani uliitwa mchoro tu."

"Na marehemu alikuwa anawaambia nini wageni?"

"Hakuwa msemaji yule. Anawapanga mbele ya picha, anasema, 'Mtazameni yule wa kulia.' Basi. Anakaa kimya mpaka miguu iwaume."

"Wa kulia kwa maana ya anayelia?"

Akanitazama kama nimemuuliza maji yana rangi gani. "Wa kulia ni wa kulia, binti. Unataka niseme mara ngapi?"

"Na Mkuu alikuwepo siku hizo?"

"Alikuwepo. Ndiyo kwanza ameajiriwa, suti imempwaya. Siku ya kwanza alisimama pale nyuma ya wageni. Yeye sasa ndiye aliyelia. Nilimpa leso yangu na hajairudisha mpaka leo."

Nikashuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta. Unaelewa nilichosikia? Marehemu alikuwa anaonyesha upande. Mkuu akasikia kilio, akakipa jina, akakiandikia kitabu.

Sasa majibu ya maswali yako. Uzito uko mguu wa mbali, ule uliojificha nusu nyuma ya pazia. Mguu wa karibu kisigino kimeinuka. Tena mchoraji amekichora kisigino hicho mara nyingi, mstari juu ya mstari, kama hakukubali kutulia. Kijitabu kinasema ni mtetemeko wa huzuni. Mkono uko mdomoni. Macho hayakufunikwa kabisa. Ni vidoa viwili vya penseli, lakini viko wazi, na vinatazama nje ya karatasi, kule jukwaani ambako sisi hatuoni.

Na chozi nimelipata. Kuna mahali kwenye shavu penseli haikugusa, karatasi imebaki nyeupe. Ndilo hilo. Lakini karatasi imeachwa hivyo hivyo kwenye kiwiko chake, na kwenye ukingo wa pazia, na kwenye goti la yule aliyekaa, vyote upande mmoja. Goti halilii, Shangazi. Ni mwanga wa jukwaani.

Nadhani anamtazama mwenzake anayecheza. Ameshangaa, na kisigino kinafuata mdundo bila yeye kujua. Kinachonimaliza ni kwamba mchoraji hakumchora huyo anayecheza. Angeweza. Ameona afadhali tumwone kwa uso wa mtu mwingine. Tangu nione hivyo nikipita pale nageuka kutazama ukuta wa upande ule, kama mjinga, kuona ni nani.

Sasa nifanyeje? Nikisema hivyo mbele ya wageni nitakuwa nimemvua nguo Mkuu hadharani, na Jumatatu yake naokota vitu vyangu. Nisiposema, nitasimama pale kudanganya kwa sauti nzuri. Nijibu mapema, nakuomba.

Wako,
Karani


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo, goti halijambo, mdogo wangu amefeli tena.

Hujajibu. Nimeirudia barua yangu kichwani kutafuta nilipokukosea. Kama ni pale nilipotaja macho na mwanga na kuandika mengi kuliko uliyouliza, nisamehe, nilichukuliwa. Kama ni kwa sababu ya lile uliloniambia nisiliulize, basi ujue sikuuliza.

Mkuu amenisikiliza leo nikijaribu. Nilisoma kijitabu kama mtoto wa shule anayesoma ubaoni. Alitikisa kichwa akasema, "Vizuri. Ukifika kwenye chozi, punguza sauti." Nikajibu unachokijua.

Niandikie, Shangazi. Hata neno moja.

Karani


3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Nilikuwa nasimama.

Usicheke. Baada ya kusoma barua yako niliweka sufuria chini, nikashika pazia la jikoni kwa mkono mmoja, mwingine mdomoni, uzito mguu wa nyuma, kisigino juu. Pazia likaja na bomba lake lote, likaniangukia begani. Fundi alipokuja kulirudishia akauliza limetokaje. Nikamwambia nilikuwa namtazama mtu. Akachungulia dirishani kumtafuta, maskini. Bega ndilo lililonichelewesha kuandika, na si bega peke yake.

Naandika mara moja, usinirudishe hapa tena. Kuna siku unasimama pembeni unamtazama mtu akicheza sehemu yako. Sehemu ambayo umeicheza wewe, ukapigiwa makofi, ukaizoea kama njia ya kwenda sokoni. Na yeye anaicheza jinsi ilivyotakiwa kuchezwa tangu mwanzo. Wewe uliyekaa ndani yake miaka yote unaiona kwa mara ya kwanza. Mkono unakwenda mdomoni wenyewe. Baadaye unavua viatu, unavipanga vizuri, unaondoka, na kila mtu anakuonea huruma, na huna la kuwaeleza kwa sababu ukisema ulikuwa umefurahi watadhani umeongezewa na wazimu.

Baba yako siku hiyo alikuwa amekaa viti vya mbele, katikati ya wageni. Sijui aliwezaje kuamini habari za nyuma ya pazia, ambako hakufika.

Nimemaliza. Sasa habari ya Mkuu wako. Umefurahi mno kumkamata, mwanangu, na naisikia furaha hiyo mpaka huku. Polepole. Mtu yule alisimama mbele ya karatasi akalia kweli mpaka mlinzi akampa leso. Chozi lilikuwepo, ila lilikuwa lake. Wewe umelitazama lile shavu wakati wa chakula cha mchana. Yeye ameishi nalo. Habari ya marehemu alisema nini na nani akasikia nini, hiyo usimpelekee. Itamchoma, na haitawafanya wageni waone vizuri zaidi. Sema unachokiona wewe, basi, unyamaze.

Kuhusu kazi siwezi kukuahidi kitu. Huenda ukamwaga unga kweli. Nikiwa mkweli ningependa usiumwage, maana hata barua zako zimebadilika tangu uanze kutazama. Zamani ulikuwa unaniandikia hali ya hewa.

Kuja kutazama huo mchoro siji. Usinialike.

Shangazi yako

Mdogo wako mwambie ajaribu kuendesha bila kuzungumza na mtahini. Namfahamu.


24 Mei

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Funga mlango tena.

Bega limeponaje? Mama amecheka habari ya pazia mpaka akasahau goti. Hilo peke yake nilimwambia, mengine hapana. Mdogo wangu amepita. Alinyamaza kimya tangu kuwasha gari hadi kulizima, na mtahini akamuuliza kama anaumwa.

Siku yenyewe nilivaa viatu vya Mama kwa sababu vyangu vinapiga kelele. Chumba kilijaa. Mkuu alisimama karibu yangu kabisa, nikasikia harufu ya rangi ya viatu vyake. Nilianza na yale yasiyo na ubishi: karne, karatasi, penseli, sahihi ambayo haipo. Nikamweleza yule aliyeinama na mstari wa mgongo wake, na hapo sauti yangu ilikuwa bado ipo. Nikamweleza wa katikati. Nikafika.

"Mtazameni yule wa kulia," nikasema.

Nilitaka kuendelea, Shangazi. Maneno yalikuwa yamepangwa. Lakini yalinipotea yote, na nikabaki nimesimama kama nguzo. Wageni wakadhani ndivyo nilivyokusudia. Wakasogea, wakatazama. Wengine walitazama upande, wengine walikuwa wanatafuta kilio. Mtu akaanza kukohoa.

Mama mmoja wa makamo, leso yake tayari mkononi, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona chozi silioni?" akauliza. "Liko wapi?"

Nilimtazama Mkuu. Yeye alikuwa anautazama mchoro.

"Hata mimi sijaliona, mama," nikasema. "Pale shavuni naona mwanga. Upo pia kwenye kiwiko, na kwenye pazia, na kwenye goti la mwenzake. Mimi naona ameshika mdomo na macho yake yako wazi. Naona kisigino kimeinuka. Nadhani kuna mtu anacheza jukwaani, na huyu amesahau kwamba amechoka."

Yule mama akatazama tena, kwa muda mrefu. Kisha akairudisha leso ndani ya mkoba. "Basi nimeibeba bure," akasema, na sikujua kama amefurahi au amejiona ameibiwa. Lakini hakuondoka. Alibaki pale mpaka Mzee Funguo alipoanza kuzifanya funguo zake zisikike.

Mkuu aliniita ofisini. Hakuniambia nikae.

"Miaka yote hii nimewaambia watu analia."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na wewe umesimama pembeni yangu ukasema halii."

"Ndiyo, Mkuu."

"Hujui neno jingine?"

"Hapana, Mkuu."

Akageukia dirishani. Ile habari ya marehemu ilikuwa imenijaa mdomoni, Shangazi, tena ingenisaidia, ingemwonyesha kwamba sikuja kumdharau, kwamba ni neno tu lililomchezea. Sikuisema. Sitaisema. Iko kwako na kwangu, na kwa Mzee Funguo ambaye hajui kwamba anayo. Ndiyo sababu nimekuomba mlango.

"Chumba cha juu atasimama mtu mwingine," akasema mwishowe. "Wewe kuanzia Jumatatu utakuwa karani wa ghala. Kule hakuna wageni wa kuwashangaza." Nikauliza kama majaribio yangu yamekwisha. Akasema karani wa ghala hayuko kwenye majaribio, kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo. Kwa hiyo unga haujamwagika. Umehamishiwa chini ya ardhi tu.

Ghala ni chumba kikubwa kisicho na dirisha, droo pana toka sakafuni mpaka juu, na feni ya kuzuia unyevu inayonguruma kama lori. Karatasi ya zamani haivumilii mwanga. Mchoro ukikaa ukutani msimu mmoja lazima upumzike gizani muda mrefu, na wetu ulikuwa umeshapitiliza wake. Mzee Funguo ameniletea wetu wiki iliyopita. Uko kwenye droo ninayoifikia bila kuinuka. Kibandiko cha jina kimebanduliwa, imebaki gundi. Kijitabu bado kinauzwa mlangoni.

Juzi Mkuu alishuka. Hakusalimia, aliomba mchoro. Nikauweka mezani, nikawasha taa ndogo, nikasogea kando nijifanye nahesabu bahasha. Alikaa nao mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kisigino," kama mtu anayejisemea. Baadaye akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuanza na miguu. Nikamwambia Shangazi yangu. Akauliza kama Shangazi anaishi mbali. Nikasema ndiyo, Mkuu.

Baba alikuwepo siku ile ya kufungua. Sikumwalika, alisoma tangazo gazetini. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, na tulirudi pamoja. Tulipofika mlangoni akauliza, "Shangazi yako anazijua habari za huo mchoro?" Nikasema nilimwandikia salamu tu. Akatafuta ufunguo mfuko huu na mfuko ule, akaukosa, akasema, "Mwandikie tena."

Umenikataza nisikualike, na sikualiki. Nakueleza njia tu, kama mtu anavyoweza kumweleza mtu mwingine yeyote.

Usipitie mlango mkubwa. Pale utaandikishwa kitabu cha wageni na kuuziwa kijitabu. Zunguka nyuma ya jengo, kwenye uchochoro wa fundi wa fremu. Kuna mlango wa chuma wa kijani. Kengele yake haifanyi kazi, upige kwa kiganja. Atatokea Mzee Funguo akuulize unamtaka nani. Mwambie karani wa ghala. Usimwambie wewe ni Shangazi yangu, maana atakushika kwa habari za marehemu na utakuwa umesimama hapo mpaka jioni. Shuka ngazi, ushike ukuta, taa ya chini imeungua. Mlango wangu hauna maandishi, lakini utaisikia feni.

Njoo siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Gonga kwa nguvu, kisha gonga tena. Kama mchoro uko mezani siwezi kuinuka papo hapo, lazima kwanza niufunike na kuurudisha kwenye droo. Nikichelewa kufungua usidhani sipo. Usiondoke.

Wako,
Karani